Kichwa Kilichosema Ndiyo

Wiki moja kabla ya dot ya Thierry, kichwa cha Émérance kilibadilisha msimamo. Tangu akiwa mtoto wa shule kilikuwa kikitikisika kushoto na kulia, bila kuombwa, kama cha mtoto anayekataa uji. Kasenga nzima, mtaa wao wa Uvira, ilikijua hivyo. Sasa asubuhi ile, akiwa ananawa uso uani, maji bado yanamchuruzika kidevuni, kichwa kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Akatulia, akasubiri. Kikarudia. Kichwa kilichokuwa kikikataa miaka yote kilikuwa kimeanza kukubali.

Angekuwa mshonaji au muuza sabuni, angecheka na kuendelea kunawa. Lakini kazi ya Émérance ni kusema mbele za watu. Anaongoza harusi, anapokea wageni, anachangamsha sherehe, na Jumamosi iliyokuwa inakuja angekuwa msemaji wa familia ya kijana, Thierry, kwenye dot kwa mara ya kwanza maishani mwake. Dot ni siku ile ndugu wa kijana wanapokwenda kwa ndugu wa binti kumwomba rasmi na kupeleka mahari. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hawabembelezani. Hutupiana vijembe mpaka wageni washike mbavu. Kisha huja mchezo ambao hata wapishi huacha vyungu kuja kuutazama. Binti hatolewi hivihivi. Wanatolewa kwanza wengine, wamefunikwa kitenge kutoka utosini hadi miguuni, na msemaji wa kijana anatakiwa kuwakataa mmoja mmoja mpaka atoke aliye wao. Wakati huo ngoma inalia na msemaji hafungui mdomo. Anakataa kwa mkono au kwa kichwa. Akikubali kwa kichwa, amekubali mbele ya watu, na asije akasema alikuwa anatania.

Hapo ndipo balaa lilipokuwa. Kichwa cha kushoto na kulia kilikuwa mali. Papa Toussaint, mwongoza sherehe mkongwe aliyemfundisha kazi, alikuwa na desturi ya kumsimamisha mbele kabisa mchezo huo ulipofika, akisema hajawahi kuona msichana aliyezaliwa na kifaa cha kazi shingoni. Kichwa cha chini na juu kilikuwa habari nyingine kabisa.

Tusiikimbilie Jumamosi. Kwanza ujue msichana mwenyewe alivyofika hapo, maana hakuletwa na upepo.

Ilianza akiwa darasa la kwanza. Kwanza macho, kupepesa kupepesa, mama yake akadhani ni vumbi. Kisha kichwa. Kisha sauti, ndogo na kali, kutoka kooni: kwi. Inakuja yenyewe, kama chafya, na ukiizuia inajikusanya ndani mpaka inatoka na wenzake. Mwalimu wake hakutaka kusikia habari ya chafya. Alimtoa nje ya darasa, akamweka chini ya dirisha, na huko Émérance akasoma karibu mwaka mzima akiandikia magotini, akisikia masomo bila kuona ubao. Alifaulu. Mwalimu hakumpongeza, na kama yu hai bado, aone haya.

Mama Florentine, mama yake, ni muuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale sokoni, mjane, mwanamke wa sala. Alifanya kila alichoambiwa. Alimpeleka kwa mzee wa dawa kule kwenye bonde la Ruzizi, akanyweshwa majani machungu yaliyomtapisha. Alimpeleka kwenye chumba cha maombi, ambako nabii mmoja mwenye shati jeupe alimshika utosi na kuamuru pepo ajitaje jina. Émérance akatoa kwi. Nabii akaruka kwa furaha, akatangaza kwamba pepo ameitika, na watu wakapiga makofi. Pepo aliitika hivyo tangu mchana hadi jioni na hakutoka.

Na kila Jumapili kanisani, kichwa kilipoanza, Mama Florentine alimgeukia mwanawe na kumshika mashavu kwa viganja viwili, akakibana kichwa kisimame. Hakubana kwa ukali. Viganja vyake vilinuka samaki na sabuni, vilikuwa vya moto, na vilitetemeka kwa sababu kichwa hakikukubali kusimama. Émérance alikuwa akimwangalia mama yake usoni kwa karibu hivyo na kuona aibu ikimjaa machoni. Hakuna kitu kilichomuuma utotoni kuliko uso ule. Majani ya mzee wa dawa yalikuwa na nafuu.

Alipokuwa msichana mkubwa, mteja mmoja wa ndagala aliwaambia habari za daktari wa neva Bujumbura. Wakavuka mpaka pale Kavimvira, wamevaa vitenge vya kanisani, Mama Florentine roho mkononi. Daktari aliuliza maswali mengi, akamtazama Émérance, akasikia kwi yake bila kushtuka. Mwisho akasema ule ugonjwa una jina, unaitwa Tourette.

"Docteur," Mama Florentine aliuliza, "haiko shetani?"

"Hapana, mama. Ni mambo ya ubongo tu. Hauambukizi, hauui, na akili yake ni nzima kuliko yako na yangu."

"Ni minye nilikosea kitu wakati nilikuwa na mimba yake?"

"Hukukosea kitu chochote, mama."

Akaeleza kwamba dawa zipo za kupunguza, si za kuondoa. Kwamba mitikisiko hiyo hubadilika, leo shingo, kesho bega, huja na kuondoka. Kwamba woga huizidisha, na kazi inayompendeza mtu huituliza. Wakati wa kurudi Mama Florentine alilia pale mpakani mbele ya maaskari, wakadhani wamefiwa, wakawapitisha haraka na pole nyingi. Émérance yeye hakulia. Alikuwa na furaha ya kichaa. Njia nzima alilirudia lile jina, Tourette, Tourette, kama mtu aliyenunuliwa viatu na hataki kuvivua.

Kuhusu kazi inayotuliza, jibu alikuwa nalo tayari, ila hakuwa amelijua kama jibu. Pale sokoni, mama yake alipokwenda kusali au kununua chumvi, Émérance alibaki na meza akawa anaita wateja. Hakuita kama wenzake. Alizisifu ndagala kama bibi harusi: zimeoga ziwani, zimeanikwa na jua la Mungu, hazina mume, nani anazichukua. Maneno yakishika mwendo, kichwa kilisimama na koo likanyamaza. Akinyamaza yeye, vinaanza. Basi hakunyamaza. Watu walijaa mezani hadi wauza mihogo wakanung'unika.

Papa Toussaint alimkuta hapo. Alikuja kununua ndagala, akasahau ndagala. Alisimama na kapu tupu mkononi, akicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha shingo, kisha akamwomba Mama Florentine ruhusa ya kumfundisha mtoto.

Alimfundisha mengi: kushika kipaza sauti mbali na meno, kutomtania mjane, kutosahau jina la shangazi wa mtu hata siku moja. Lakini somo kubwa lilikuwa hili.

"Usikamate hiyo kitu ndani," alimwambia. "Ukiikamata, itakulipukia mbele ya batu. Enda kule nyuma ya nyumba, umwange yote, kisha urudi."

Na kweli, kabla ya kila sherehe, Émérance alizunguka nyuma ya nyumba ya wenyewe, akaiachia shingo itikisike na koo lilie linavyotaka, na Papa Toussaint akasimama pembeni kulinda kama anayelinda mlango wa choo. Akitoka hapo, mwepesi, anachukua kipaza sauti na Uvira inacheka. Aliongoza harusi za Kavimvira, za Kasenga, za huko kando ya ziwa ambako maji yamepanda yakala nyua za watu na hema linafungwa penye nchi kavu iliyobaki. Kwi ilipomponyoka, aliisubiri ipite, akaendelea. Watu wakazoea. Watoto wakaanza kumwita Da Kwi, naye akaitika.

Msemaji wa familia, hata hivyo, ni ngazi nyingine. Hiyo ni kazi ya akina baba watu wazima wenye makoti. Kwa hiyo Thierry, kijana mkulima wa mpunga wa Kiringye, huko bondeni, aliposema anamtaka Émérance aende kumwombea mchumba wake Josée kwa wazazi wa binti, Kasenga, baba yake mdogo aliyeongoza ujumbe, Papa Félicien, alikataa papo hapo.

"Baba mudogo, minye njo ninaoa," Thierry alisema. "Nilimusikia Kavimvira. Nataka huyu."

Papa Félicien alimgeukia Émérance. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa.

"Minye sina ubaya na weye, mutoto. Lakini batu ba Kasenga beko na kinywa. Ukiharibu mara moya tu, nasimama mwenyewe, nachukua micro."

"Sawa, papa," alisema Émérance.

Alijua maana yake. Kunyang'anywa kipaza sauti mbele ya nusu ya Uvira na nusu ya bonde ndiyo mwisho wa kazi. Hakuna familia itakayompa tena neno lake alipeleke, na hata zile harusi zingeanza kumkimbia. Angerudi kwenye meza ya ndagala, na si kwa kupenda. Lakini alitoka pale akiruka ruka barabarani kama mtoto. Msemaji. Yeye, wa chini ya dirisha.

Sasa unaelewa kwa nini ile asubuhi uani ilimkata maini.

Alimwambia Papa Toussaint, ambaye alifikiri sana, akashauri kilemba kizito. Wakakijaribu. Kichwa kikaenda chini na juu na kilemba chake, kwa heshima zaidi. Alimwambia Thierry, maana haikuwa haki kumficha. Thierry alicheka hadi akakaa chini.

"Ukiniozesha muntu mwingine, Josée ataniua. Lakini wenda tu. Sibadilishe."

Papa Félicien hakuambiwa. Labda ilikuwa kosa. Ingekuwa wewe, ungemwambia?

Jumamosi ikafika na jua lake. Basi la Kiringye liliingia Kasenga likiwa limejaa akina mama wanaoimba, magunia ya mchele juu, madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, kitenge cha mama mkwe kimefungwa kama zawadi ya mfalme. Émérance aliamka na hamu, si woga, kama mtu anayesikia ngoma mbali na miguu imeshaanza. Mama Florentine alikuwa ameombwa abaki nyumbani, kwa sababu macho yake humzidishia mtoto mitikisiko. Akaja hata hivyo, akasema atakaa nyuma kabisa, na akakaa nyuma kabisa, katikati ya viti vya plastiki vya bluu, mgongo wima.

Nyuma ya jikoni la wenyewe Émérance alimwaga vyote alivyokuwa navyo. Kisha akaingia hemani.

Jinsi alivyoanza, hata upande wa pili walisogeza viti. Msemaji wa Kasenga alikuwa Papa Luc, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye ulimi wa wembe. Aliuliza wageni hawa wenye tope la mpunga miguuni wamepotea njia au wanatafuta hospitali. Émérance akajibu kwamba wamefuata harufu ya ua moja, na tope ndilo lililowalisha wali wa Noeli watu wote wa Kasenga, na kama Papa Luc amesahau, akumbushwe na mkanda wa suruali yake. Vigelegele. Papa Luc akarudisha, Émérance akapokea. Kichwa kilikuwa kimetulia kama cha sanamu. Papa Félicien, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, aliegemea kidogo.

Kisha ngoma ikalia.

Émérance alinyamaza, kama inavyotakiwa, na papo hapo akauhisi mtikisiko unapanda mgongoni. Wa kwanza akatoka, amefunikwa kitenge cha kijani, anatembea kwa madaha. Émérance akainua mkono kukataa, shingo ameikaza hadi mishipa ikatoka. Yule wa kitenge akarudishwa. Wa pili akatoka, mfupi mno, mtoto wa shule anayecheka ndani ya kitenge. Mkono tena. Jasho likamtoka chini ya kilemba. Wa tatu akatoka polepole, amejikunja, hatua fupi fupi, na umati ukaanza kucheka kwa sababu kila mtu alijua kwamba humo ndani ni bibi yake Josée, Koko Mapendo, mama wa mama yake, ambaye hakosi mchezo.

Na kichwa kikashuka. Kikapanda. Kikashuka, kikapanda, kikashuka, kwa nguvu zote kilizokuwa kimenyimwa, na koo likatia muhuri wake juu: kwi.

Ngoma ilinyamaza. Papa Luc aliinua mikono miwili kama aliyeona bao.

"Bandugu ba Kiringye, mumekubali. Batu bote bameona. Koko, ona bwana yako."

Upande wa Kasenga uliinuka wote kwa vicheko na vigelegele. Thierry alijifunika uso. Papa Félicien alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kuja, mkono umetangulia mbele kuelekea kipaza sauti. Na kule nyuma, juu ya vichwa vya watu, Émérance aliona kitu kimoja zaidi ya vyote: mama yake amesimama, viganja viwili vimeinuliwa usawa wa mashavu, vimeshika hewa, kama kanisani.

Alitazamia aibu imshike. Badala yake damu ilimchemka. Aliona njia, nzima, imenyooka mpaka mlango wa nyumba, na akawa na haraka ya kusema asije akapasuka.

"Papa Luc," alisema, na kicheko kikapungua ili watu wasikie. "Hii kichwa yangu iko na ugonjwa. Munganga wa Bujumbura alituambia jina, Tourette. Inafanyaka mambo yake, hainiulizake. Ingekuwa muntu mwingine, angesema kichwa imekosea, turudilie mchezo."

"Minye sirudilie," alisema Papa Luc, akifurahi.

"Na minye siombe. Kichwa imesema ndiyo, na sisi ba Kiringye neno ikishatoka hatuirudishake. Koko tunamubeba."

Hema lilipasuka kwa kicheko. Papa Félicien alisimama pale pale alipofika, katikati ya uwanja, mkono bado hewani.

"Koko ni wetu?" Émérance aliuliza.

"Ni wenu," alisema Papa Luc. "Mbele ya batu bote."

"Merci. Koko, karibu kwenu. Mchele iko, nyumba iko, bwana unamuona pale, anajifunika uso juu ya haya. Lakini mubibi harusi haendake kwa bwana peke yake. Anaendaka na musindikizi wa kumubebea kitunga. Hiyo ni desturi yetu na ni desturi yenu. Chagua weye mwenyewe, koko. Ndani ya hii nyumba, unataka nani akusindikize?"

Papa Luc alikuwa amefungwa na neno lake. Alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba bibi ni wao, na bibi harusi ndiye huchagua msindikizi wake, hilo hata mtoto analijua. Émérance alimwona akitafuta pa kutokea na kukosa, na furaha ikampanda hadi masikioni.

Chini ya kitenge mabega ya Koko Mapendo yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Bibi alikivua mwenyewe, akakitupa begani, akageuka. Aliingia ndani bila kujikunja tena, maana mgongo wake ulikuwa mzima. Akatoka amemkokota Josée kwa mkono, Josée wa kweli, uso wazi, amevaa tayari, anacheka na kulia pamoja.

"Huyu," alisema bibi. "Njo anayua kubeba kitunga yangu."

Yaliyofuata hayasimuliki kwa mpangilio. Akina mama wa Kiringye walivamia uwanja. Ngoma ilirudi yenyewe. Papa Luc alimwendea Émérance, akamshika mkono, akauinua juu kama wa mshindi, na akasema bila kipaza sauti kwamba amefundisha watoto maisha yake yote na hajawahi kufungiwa mlango vizuri namna ile. Papa Félicien ndipo akamfikia. Akanyoosha mkono, akakichukua kipaza sauti kweli, na watu wakanyamaza.

"Minye nilisimama juu ya kumunyanganya huyu mutoto micro," alisema. "Nayo sasa niko nayo. Mutoto wangu Geneviève iko na dot mwezi wa kumi. Nauliza mbele ya batu: kuna muntu ameshakamata huyu dada hiyo siku?"

Akamrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima kitu.

Émérance alitaka kujibu kwa maneno. Kichwa kilitangulia, chini na juu, chini na juu, na hema zima likacheka naye, na safari hii kilikuwa kimesema alichokuwa anataka kusema.

Mama Florentine alikuwa ameshapita kati ya viti. Alifika mbele ya mwanawe, uso wake karibu kama zamani, akamshika mashavu kwa vile viganja viwili vinavyonuka samaki na sabuni. Émérance aliikaza shingo, mazoea ya utotoni. Viganja havikubana. Kichwa kikashuka, na mikono ya mama ikashuka nacho. Kikapanda, ikapanda nacho. Machoni mwake aibu haikuwamo tena.